Keki ya Meza Namba 27

Mbezi Beach
13 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Usiingiwe na hofu kuona karatasi badala ya simu. Tangu jana nimewekwa ndani. Somo wangu, yule kungwi, kasema biharusi haongei na watu ovyo, basi Mama Rukaiya kaifungia simu yangu kabatini na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga yake. Barua hii anakuletea Recho jirani yetu. Si unajua siku hizi anafua mashuka kwenye hoteli iliyo nyuma ya nyumba ya Baba? Asubuhi na jioni anapita chini ya dirisha langu. Mie natupa, yeye anadaka. Na wewe ukiandika mpe yeye.

Hali yangu nzuri. Nasuguliwa singo kutwa mara mbili, nimekuwa wa njano kama binzari. Nurdin akiniona atadhani kaletewa biriani.

Sasa Mama, ishu ya keki. Nimewaambia kamati keki ya harusi yangu unaoka wewe, au harusi isiwe na keki. Baba kasema sawa. Mama Rukaiya naye, maana mke wa Baba ndiye mwenyekiti wa kamati, kasema sawa, ila kwa vipimo vyake. Nanakili kama alivyoviandika:

"Ngazi tano: inchi 14, 12, 10, 8 na 6. Tatu za chini ziwe foamu iliyopakwa krimu, kwa ajili ya picha. Mbili za juu ziwe keki ya kweli. Pembeni, keki mbili za wazazi, inchi nane kila moja."

Wageni ni mia tatu, meza thelathini. Ni Jumamosi ya tarehe 3 Mei, ukumbini, huku huku Mbezi.

Niambie kama utaweza. Na usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua. Najua umeshakasirika.

Mwanao,
Najma


Vingunguti
14 Aprili 2025

Najma mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika pale kwenye foamu, sikungoja mwisho.

Chukua kalamu tuhesabu. Keki ya harusi mie nakata inchi moja kwa inchi moja, kimo inchi nne, kipande cha kushikwa na kijiti. Keki ya duara unachukua nusu ya upana wake, unaizidisha kwa yenyewe, halafu mara tatu na chenga. Ya inchi sita inatoa vipande ishirini na nane. Ya inchi nane, hamsini. Jumla sabini na nane. Na wageni mia tatu! Hapo watu wanne wanaletewa kipande kimoja, na huyo wa nne analamba kijiti.

Wakigawa kuanzia mbele, keki inaishia meza ya nane, tena hata hiyo ya nane wawili wanakosa. Kuanzia meza ya tisa mpaka ya thelathini wanakaa kina nani? Usinijibu, najua mwenyewe. Ni ndugu zake Nurdin watakaoshinda ndani ya basi kutoka Newala, na sie wa Vingunguti. Hao ndio walishwe picha?

Mie foamu siipaki krimu. Nilianza na maandazi getini kwa machinjio, nawauzia wanaume wanaojua uzito wa ng'ombe kwa kumtupia jicho tu. Pale andazi likiwa na tundu katikati unarushiwa. Miaka ishirini na mbili hajanirudishia mtu kitu kwamba ndani hakina kitu, leo niende kuanzia kwenye harusi ya mwanangu?

Vipimo vyangu ni hivi. Ngazi tatu, zote keki: 8, 12, 16. Naruka inchi nne nne ili kila ngazi ibakiwe na ukingo wa inchi mbili kuizunguka, maua yakae bila kubanana. Vipande: 50, na 113, na 201. Jumla 364. Hizo sitini na nne za ziada ni za wapiga picha, watoto, na wale watu wazima wanaokula mara mbili wakiapa hawajaletewa.

Utauliza ya kumi na sita itaingiaje kwenye oveni, maana unajua pipa langu mdomo wake inchi kumi na nne. Kweli, nilimwambia mwenyewe fundi Gervas aukate hivyo, moto usitoroke. Lakini kina chake ni ishirini na mbili. Basi siingizi duara. Naoka nusu duara mbili, kila moja urefu kumi na sita na upana nane, inaingia kwa urefu kama mkate. Nikitoa naziunganisha, napaka krimu, mshono hauuoni hata kwa tochi. Tini za nusu duara Gervas keshaanza kuzikunja. Na mayai usinifundishe: ya inchi nane inataka sita, ya kumi na sita haitaki kumi na mbili, inataka ishirini na nne. Wengi huteleza hapo, keki ikitoka kama chapati wanasingizia mkaa.

Limebaki moja. Keki za wazazi umeandika mbili. Nimesoma mara tatu, nikavaa miwani nikasoma ya nne. Mbili. Desturi tunaijua: maharusi wanapiga magoti mbele ya wazazi, wanawalisha, wanawakabidhi keki yao, na ukumbi mzima unaona huyu mtoto kalelewa na nani. Moja ni ya wazazi wa Nurdin. Moja ya upande wako. Na upande wako, pale meza kuu, najua wamepangwa kina nani.

Sikuulizi kitu. Nimehesabu tu.

Mama yako,
Somoe


Mbezi Beach
16 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Vipimo vya 8, 12 na 16 nimevifikisha. Kamati inakushukuru na inasema foamu inatumika kumbi zote kubwa, wala si aibu. Wageni wa meza za nyuma watapewa soda na biskuti.

Kuhusu keki za wazazi, ni mbili. Tafadhali zibaki mbili, inchi nane, zilingane. Usiongeze wala usipunguze. Siwezi kuandika zaidi, somo amekaa hapa pembeni yangu na anapenda kusoma.

Niamini.

Najma


Vingunguti
18 Aprili 2025

Bi Rukaiya, Mwenyekiti wa Kamati,

Assalamu alaykum. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye grupu la harusi mlinitoa siku niliyouliza kwa nini jina langu liko kwenye orodha ya "watoa huduma," kati ya mpambaji na mtu wa muziki.

Nitakuwa mfupi. Marehemu Mwanahawa, mama yake Najma, alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Alifariki Najma ana mwaka na miezi minane. Khalfani akaenda Maskati kutafuta maisha, na sikumlaumu, sikumlaumu hata mwaka wa tano. Aliporudi na wewe mkajenga Mbezi, Najma ana miaka kumi na tisa, kidato cha tano keshamaliza, hedhi yake ya kwanza tumeshaihangaikia, malaria tatu tumeshazikesha. Leo ana ishirini na sita. Toa mwenyewe.

Khalfani ni baba. Uwalii wa kumwozesha ni wake, dini imempa, na siku ya nikaha nitakuwa wa kwanza kuitikia amina. Lakini keki haimo kwenye nikaha. Keki ya mzazi ni ushahidi unaotolewa mbele ya watu mia tatu, na mie siokei ushahidi wa uongo.

Basi nataka hivi. Ngazi tatu, zote za kuliwa. Keki za wazazi tatu, inchi nane kila moja, zisipishane hata kwa unene wa kucha: moja ya wazazi wa Nurdin, moja ya Khalfani na wewe, moja yangu. Na kiti changu kiwe mbele, kwenye mstari wa wazazi. Sikisemi kwa kubembeleza.

Hakuna kiti, hakuna keki.

Somoe binti Marijani


Mbezi Beach
20 Aprili 2025

Bi Somoe,

Waalaykum salaam. Kamati imekaa, imeisoma barua yako kwa utulivu, na imenituma nikujibu.

Meza kuu ina viti vinane na vyote vimeshapata wenyewe. Mpishi hakai meza kuu, si kwetu wala kwa wenzetu. Kuhusu keki, usisumbuke tena. Tumeiagiza hotelini, wana jiko la kisasa na mpishi aliyesomea. Niseme kweli, tangu mwanzo wapo wajumbe waliokuwa na wasiwasi na kitu kilichookwa ndani ya pipa jirani na machinjio. Wageni wetu wengine wana pua nyepesi. Vipimo vinabaki vilevile: ngazi tano, mbili za kweli, na keki mbili za wazazi.

Hata hivyo hatukusahau udugu. Ndani ya bahasha hii ipo kadi yako. Ni ya mtu mmoja, meza namba 27. Tunaomba usije na zawadi kubwa, nafasi ya kuweka vitu ni ndogo.

Khalfani anakusalimia.

Rukaiya


Mbezi Beach
22 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo, ingawa leo imenitoka kwa shida.

Umefanya nini? Nilikuomba jambo moja tu, uniamini. Sikuweza kuliandika kwa sababu barua zangu zinasomwa kabla hazijafika dirishani. Hii naandika bafuni, maji nimeyafungulia, somo anadhani naoga.

Keki zilikuwa mbili kweli. Moja ya wazazi wa Nurdin. Ya pili ilikuwa YAKO. Yako peke yako. Baba hakuwa na keki. Mie na Nurdin tulishapanga tangu mwezi wa pili: tunainyanyua, tunapita mbele ya meza kuu kana kwamba tunageuka, tunashuka ngazi za jukwaa, tunakuja mpaka ulipo, popote watakapokuwa wamekuficha. Ndiyo maana nilitaka zilingane. Nilitaka waone yako na ya mama mkwe ni saizi moja, mzazi na mzazi.

Sasa keki zinatoka hotelini. Mama Rukaiya kasema atatukabidhi yeye mwenyewe mkononi na kutuelekeza pa kwenda. Namjua, atatushika mabega atugeuze kama vibuyu.

Wewe bingwa wa hesabu, Mama. Ulihesabu keki, hukunihesabu mie.

Leo nimegoma kusuguliwa. Somo kanung'unika, kasema biharusi gani huyu nusu njano nusu mweusi. Nimemwambia aniache hivyohivyo.

Najma


Vingunguti
24 Aprili 2025

Najma,

Marahaba, na leo nimeiitikia polepole.

Umenipiga pale panapouma, na ulilenga vizuri. Ni kweli. Niliona mbili nikajua nimetolewa, kwa sababu kutolewa nimekuzoea kuliko kutafutwa. Mtu akizoea kupunjwa hata akipewa kamili anapima upya. Hilo ni kosa langu, nimelibeba.

Lakini sikiliza. Hata kama ningejua, keki hiyo nisingeipokea. Keki ya kuvizia siitaki. Umpite baba yako magoti yakiwa wima, mbele ya ndugu zake, mbele ya wakwe? Kesho mji mzima ungemzungumza yeye, mie nisingezungumzwa. Na mie nimengoja miaka ishirini na minne, sijangoja ili nije kuwa sababu ya Khalfani kuonewa huruma. Siku hiyo mpelekee keki yake. Piga magoti, mlishe, mwangalie usoni. Usimdanganye na usimwaibishe. Kama alitoa kidogo, apokee kwa kidogo chake, Mungu ndiye mpimaji.

Unakumbuka ulipotimiza miaka sita? Oveni sikuwa nayo. Nilioka ndani ya sufuria, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko. Ilikuwa inchi saba, si kwa kuchagua, ndiyo sufuria tuliyokuwa nayo. Upande mmoja ukaungua ukawa mweusi. Nikataka kuukata nitupe, ukaning'ang'ania mkono: "Mama nipe mie huo, ndio mkubwa." Mkubwa! Ulikuwa umevimba kwa moto. Ulikula na makaa mdomoni unacheka. Tangu siku ile najua kupima keki kwa rula ni kazi, ila kuna kipimo kingine sikijui na sijakipata dukani.

Sasa ya kazi. Nilimwandikia Bi Rukaiya: hakuna kiti, hakuna keki. Kadi imefika, nimeisoma kwa miwani. Mtu mmoja, meza namba 27. Basi kiti kipo! Wamenipa wenyewe, kwa maandishi, na mhuri wa kamati. Na mie neno langu ni neno.

Mwambie Nurdin ampe Recho kadi moja ya upande wao, meza hiyohiyo. Nahitaji mikono minne. Usiulize ya nini.

Nimeambiwa meza hiyo iko karibu na mlango wa vyoo. Ukishamaliza ya jukwaani, ukiwa na nafasi, mie nitakuwa pale, gauni la kijani, lile la mahafali yako. Ukija, sawa. Ukishindwa kuja, sitahesabu.

Na kasuguliwe upande uliobaki. Usinitie aibu kwa watu wa Newala.

Mama yako,
Somoe


Mbezi Beach
6 Mei 2025

Bi Somoe,

Sitaanza kwa salamu ndefu. Naandika kama Mwenyekiti wa Kamati kulalamikia mwenendo wako ukumbini Jumamosi, ili ibaki kwenye kumbukumbu.

Ulialikwa kwa kadi ya mtu mmoja. Uliingia na yule mfuaji wa hotelini, kila mmoja wenu amebeba trei yenye nusu ya keki imefunikwa kanga. Mlinzi wa mlangoni alipouliza, ulimjibu kwamba kadi imekataza watu, haikukataza keki. Mkaenda meza namba 27, mkazikutanisha zile nusu mbele za watu, ukatoa kisu na bakuli la krimu ukaziba mshono kama fundi anayepiga lipu, halafu juu yake ukaweka nyingine ndogo. Wageni wakaacha kula wakakutazama.

Keki yetu, kwa sababu ambazo kamati itamuuliza mpishi wa hotelini, iliishia meza ya nane. MC alipaswa kutangaza biskuti. Badala yake akakamata maiki akasema, "Ndugu wageni, mambo yako meza ya ishirini na saba, tupite kwa mstari!" MC huyo nilimtafuta mimi. Alikula vipande vinne, nilimwona.

Lililoniumiza zaidi ni biharusi. Alimkabidhi baba yake keki kwa heshima zote, alipiga magoti, sina la kusema hapo. Lakini alipotakiwa kurudi kwenye kiti chake hakurudi. Alishika gauni kwa mikono miwili, akashuka jukwaani na mumewe nyuma yake, akapita meza ishirini na sita, akapiga magoti mlangoni pa vyoo. Alikata keki yako akakulisha kwa mkono wake. Kisha akaweka kichwa mapajani pako na muziki ukasimama. Hakuna aliyeuagiza usimame. Dakika kumi na moja, Bi Somoe! Mpiga picha akaondoka jukwaani, mpiga video akamfuata. Picha za keki ya ngazi tano tulizopata ni tatu, na moja ina mkono wa mtu.

Mume wangu alikuwa na mafua, machozi yalimtoka muda wote ule. Watu wasiojua wamelitafsiri vingine.

Mwisho, uliondoka na kitambaa cha meza namba 27, ukakifungia trei zako. Kitambaa ni mali ya mpambaji, alileta thelathini na amehesabu ishirini na tisa. Tafadhali kirudishe kikiwa safi.

Rukaiya


Vingunguti
8 Mei 2025

Bi Rukaiya,

Assalamu alaykum. Malalamiko yako nimeyapata na nimeyakuta ya kweli karibu yote. Nasahihisha hesabu tu.

Mpishi wa hotelini usimuonee. Ulimwambia sita na nane, akakupa sita na nane. Hizo ni vipande sabini na nane, ziwe zimeokwa na malaika. Nilimwandikia Najma tarehe 14 Aprili kwamba zitaishia meza ya nane na wawili watakosa. Wale wawili nimewajua, mmoja ni shangazi yake Khalfani, alikuja kwangu na mkongojo wake.

Walikuwa wamebaki watu mia mbili ishirini na wawili. Mie nilikuja na inchi kumi na sita na inchi sita: mia mbili na moja, ongeza ishirini na nane, mia mbili ishirini na tisa. Sikubahatisha. Hata ngazi ya inchi sita sikuiweka kwa urembo. Ya kumi na sita peke yake ingewapunja watu ishirini na mmoja, na sie watu wa meza za nyuma tunajua kuwa ishirini na mmoja wa mwisho kunafananaje.

Vilibaki saba. Viwili nimewafungia maharusi, wamekwenda navyo Newala. Vitatu walikula wale kina mama wa kuosha vyombo, hakuna aliyewaita kwenye mstari. MC vinne vyake vimo kwenye hesabu ya watu, wapo wenye sukari waliompa haki yao. Cha sita alikuja kukichukua mwenye mafua. Alikuja mwenyewe, watu wakiwa wanatoka, akakila amesimama. Aliniambia neno moja. Hilo aliniambia mie, kwa hiyo sikuandikii.

Cha saba ulikifunga wewe kwenye tishu ukakitia kwenye pochi ya dhahabu. Usione haya, kipo kwa ajili ya kuliwa. Na yule mgeni wako wa pua nyepesi, mwenye kilemba cha zambarau, alirudi mara tatu, naye kwa haki za wenye sukari. Alisema ananusa iliki.

Unasema alipiga magoti mlangoni pa vyoo. Mlango mliuchagua nyie. Magoti aliyachagua yeye.

Nasikia mna binti wa pili na harusi yake ni Desemba. Simuombei ila heri. Mkinihitaji, msianze na inchi. Anzeni na viti, inchi nitazijua mwenyewe.

Sasa kitambaa. Kweli nilikichukua, na sikukichukua kwa kusahau. Anayekuletea barua hii amebeba kingine kipya, cheupe, upana na urefu uleule, nimekipima kwa futi mara mbili na pindo nimepiga mwenyewe kwa cherehani. Mpe mpambaji, atakuwa na thelathini zake kamili.

Kile cha Jumamosi hakirudi. Najma alipokuwa ananikatia, donge la krimu lilidondoka pale kitambaa kinapogusa sakafu, na alivyojisogeza kwa magoti, goti lake lilitua juu yake. Vimechanganyika hapo krimu, na singo, na vumbi la ukumbi. Nilikiloweka. Nikasugua mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu doa likaanza kufifia, nikakitoa majini haraka nikakianika vilevile, doa likiwemo.

Ni duara. Lina inchi sita, nimelipima.

Somoe binti Marijani
Mama yake Najma